Sukari Isiyofika

Mume wangu nusura afie katikati ya magunia ya sukari, na mimi mkewe nikiwa nimeshika kikombe mkononi. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Kariakoo wamekwisha kuisimulia habari hii kwa namna zao, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi. Wapo wanaosema alilishwa sumu. Wapo wanaosema alikuwa amelewa. Wifi yangu Fortunata naye ana ya kwake, hiyo nitaifikia. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa karibu kuliko wote, kwa hiyo wanaojifanya wanajua zaidi yangu wanyamaze kidogo.

Jina langu ni Hyasinta, ila mtaani naitwa Mama Severa. Mume wangu ni Marcelino, mtu wa Rombo, na duka letu liko Mtaa wa Tandamti, jirani kabisa na soko. Tunauza kwa jumla sukari, unga wa ngano na mchele. Mzee huyu anaumwa kisukari tangu binti yetu Severa yuko shule ya msingi, na sasa Severa mwenyewe ana watoto. Muuza sukari anayeumwa sukari: utani huo tumetaniwa mpaka umechuja. Mteja akija anauliza, "Mzee, hii umeionja?" Naye anajibu, "Nimeionja kwa macho." Wanacheka, wanapakia magunia yao, wanaondoka.

Kliniki walitufundisha vizuri, siwezi kuwasingizia. Yeye alipewa vidonge vya asubuhi na jioni, pamoja na kile kipimo kidogo cha kutoboa kidole. Mimi nilifundishwa jambo moja, nikaambiwa nisilisahau hata nikikurupushwa usingizini: akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, sukari imeshuka, mpe sukari upesi, au soda, kisha mpe chakula. Ilishamtokea. Namkorogea sukari kwenye maji, anakunywa, anatulia kidogo, macho yanarudi mahali pake, halafu anaanza kuniuliza nani kaacha mlango wa stoo wazi. Hiyo kazi niliijua kama ninavyojua kusonga ugali.

Ndipo mdogo wangu Tarsis akaleta dawa ya China.

Tarsis anauza mikoba ya kike, duka lake liko mtaa wa nyuma yetu, na kila baada ya miezi kadhaa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo. Mtu wa Kariakoo akienda China haendi peke yake, anakwenda na shida za mtaa mzima. Huyu anamwagiza bawaba za kabati, yule miwani ya mama yake, mwingine mafuta ya goti. Naye Tarsis anaumwa kisukari, tena cha sindano. Safari moja chakula cha kule kilimpandisha sukari vibaya, mkalimani wake akamkokota mpaka duka la dawa, wakampa vidonge vyeupe vya kutafuna pamoja na tonge la kwanza. Alirudi anavisifia kama vile amevitengeneza yeye.

"Dada, hii dawa haina mambo mengi," aliniambia. "Inakaa huko huko tumboni, inakizuia chakula kisigeuke sukari. Unakula wali wako, unapita zako. Shemeji lazima aijaribu."

Safari iliyofuata akaleta maboksi, yamefichwa ndani ya mikoba, akawagawia wagonjwa wenzake kama mtu anayegawa pipi za sikukuu. Maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Mkalimani alikuwa ameulizwa dawa inanywewaje, akajibu. Hakuulizwa kingine. Sisi tulipokea tonge la kwanza, tukaona elimu imetimia.

Na dawa ilifanya kazi, ndiyo maana inaniuma. Marcelino alikula ndizi na nyama, akajipima, akakaa akikitazama kipimo huku anatabasamu peke yake. Alirudia chapati. Alirudia mtori. Kasoro ilikuwa moja tu, gesi. Tumbo lilimnguruma kama pipa la mbege, ile pombe yetu ya ndizi, inayochachuka. Jirani yetu Hajira, mama wa Kilwa anayeuza viungo mlango wa pili, akawa anapiga hodi kutokea barabarani makusudi. "Mama Severa, huko kwema? Upepo unavuma upande gani leo?" Tulicheka sote, na mwenyewe mzee alicheka mpaka akakohoa.

Kliniki hawakuambiwa. "Wale watoto wa kliniki watanigombeza bure," alisema. "Ukiwaambia, Mama Severa, tutakosana mimi na wewe." Mimi na mdomo wangu huu nikakubali, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona mume wangu akila bila woga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana. Nilimfungulia hotpoti ya wali na maharage pale nyuma ya meza. Akatafuna kidonge cha China na tonge la kwanza, akameza, akachukua la pili. Lori la sukari kutoka Morogoro likapiga honi nje. Kariakoo lori halisubiri mtu ale, likizubaa kidogo njia inaziba na askari wa barabarani wanatokea. Akanawa. "Nakuja," akasema. Nikafunika chakula.

Makuli walikuwa wanashusha, yeye kasimama mlangoni anaelekeza. Nilipotoka stoo nilimkuta ameketi juu ya gunia, shati limemganda mgongoni. Nikadhani ni joto. Kisha nikamsikia anamfokea kuli mmoja kwa Kirombo. Kuli mwenyewe, Bushiri, ni mtu wa Lindi, hajui hata salamu ya Kirombo, alikuwa amesimama na gunia kichwani anamtazama mzee mdomo wazi. Hapo nikajua.

Nilichota sukari kwenye gunia lililokuwa wazi, nikakoroga kikombe kizima, nikamnywesha. Sikuwa na wasiwasi. Nilimfuta jasho, nikamwambia Bushiri aendelee na kazi, nikasubiri macho yarudi. Hayakurudi. Nikaleta kipimo, nikamtoboa kidole. Mbili na nukta nne, na kliniki walisema isishuke chini ya nne. Nikajilaumu kwamba nimeweka kidogo, nikakoroga kingine, safari hii sukari ikabaki imelala chini ya kikombe. Akanywa kwa shida, nusu ikamwagika kifuani. Hajira akaja mbio na soda, akaifungua kwa meno. Soda nayo ikapita. Nikapima tena. Ilikuwa imeshuka zaidi.

Jamani, mnisikilize. Nina stoo imejaa sukari mpaka dari, na mume wangu anaisha kwa kukosa sukari mbele yangu, na kila ninachommiminia ni kama ninamwaga mchangani. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku nilipozaa kwa upasuaji.

Watu walikuwa wameshajaa. Kariakoo ukianguka, kabla hujafika chini umeshazungukwa. Tumbo la Marcelino lilikuwa limejaa kama ngoma, linanguruma, na mwanamume mmoja ambaye simjui akasema kwa sauti, "Huyu kalishwa kitu." Nikamwambia akalishwe yeye na ukoo wake. Mwingine akasema ni kiharusi. Mwingine akasema mzee anapenda mbege, tumwache alale. Hajira akawafukuza kwa ufagio, lakini akanigeukia na yeye, taratibu.

"Mama Severa, shoga yangu, hicho kipimo ni kizima kweli?"

Ndipo Tarsis akafika. Alikuwa ameitwa na Bushiri, amekuja mbio, amebeba kile kichupa chake cha barafu anachowekea dawa ya sindano. Aliangalia vikombe, akaangalia chupa ya soda, akaangalia gunia.

"Dada, umempa sukari kiasi gani?"

Nikamwonyesha.

"Yote hiyo? Na kipimo bado kinasoma mbili?" Akakichukua, akakitikisa, akakipulizia. "Kimekufa hiki. Haiwezekani mtu anywe sukari yote hii halafu iwe chini. Sukari imempanda mpaka kichwani, ndiyo maana haongei. Tumchome, ishuke, la sivyo tunampoteza."

Akafungua kichupa. Akavuta dawa kwenye sindano. Mdogo wangu yule anampenda Marcelino kuliko anavyonipenda mimi. Marcelino ndiye aliyemtoa Rombo na kumfundisha biashara, na pale alikuwa analia huku anavuta dawa. Na alichosema kilikuwa na akili. Kila mtu aliyekuwepo aliona kina akili. Hajira alitikisa kichwa kukubali. Hata mimi, nisiwadanganye, nilikitazama kile kipimo nikaona ni uongo mtupu, kwa sababu sukari niliitia kinywani mwake kwa mkono wangu.

Ila nilikuwa nimemshika shingo. Mume wangu akipandwa na sukari huwa mkavu, anakuwa wa moto, anakunywa maji na kukimbilia chooni bila kupumzika. Shingo niliyoishika ilikuwa ya baridi, imelowa kama nguo iliyotoka kusuuzwa. Sikuweza kueleza. Kipimo kilisema chini, ngozi ilisema chini, na vikombe vyote vya sukari vilisema juu. Tarsis akapandisha mkono wa shati la Marcelino.

Nikaikamata ile sindano, nikaitupa chini, nikaikanyaga. "Ukimchoma, Tarsis, mimi na wewe undugu umeishia hapa." Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Dada, unamuua shemeji," akasema, mbele ya watu wote. Hapo hapo Marcelino akaanza kukakamaa, macho yakageuka yakawa meupe.

Gari lisingepita Jumamosi. Bushiri na wenzake wakamlaza kwenye mkokoteni wa magunia, wakaupiga mbio kuelekea zahanati ya Mnazi Mmoja, wanapiga kelele, "Pisha! Pisha mgonjwa!" Mimi nakimbia pembeni, kanga imenivuka bega, na bado nilikuwa na sukari kwenye kiganja, najaribu kumpaka ndani ya shavu. Hajira akanishika mkono. "Atapaliwa, mwenzangu. Acha." Nikaitupa barabarani nikaendelea kukimbia.

Kwenye zahanati tulipokewa na daktari kijana, Abdulmajid. Alimtoboa kidole kwa kipimo chake, akasoma moja na nukta sita, wala hakubishana nacho. Alitafuta mshipa, akaupata, akasukuma glukosi ya kwenye sindano kubwa, kisha akatundika chupa. Nilikuwa nimesimama ukutani. Tarsis alikuwa amesimama ukuta wa pili. Hatukutazamana. Baada ya muda vidole vya Marcelino vikalegea, na pumzi ikaanza kutoka kama ya mtu aliyelala.

"Mama, hamkumpa sukari huko nyumbani?" Abdulmajid akauliza.

"Nimempa, mwanangu. Mpaka nimechoka kumpa."

Akanitazama kwa namna ambayo nimetazamwa sana tangu siku ile. Kisha akasema, "Sawa. Akizinduka vizuri mpeni chai yenye sukari nyingi, vile vidonge vya kliniki bado vinafanya kazi mwilini, anaweza kushuka tena."

Chai yenye sukari. Ile ile iliyokataa kumfikia dukani. Nikamwona Tarsis anainamisha kichwa, na nikakumbuka nilivyoahidi kunyamaza. Ahadi nikaitupilia mbali.

"Daktari, kuna dawa nyingine anatumia. Ya China. Anaitafuna na tonge la kwanza, na ikishaingia inamjaza gesi."

Abdulmajid akaacha kuandika. Akaniuliza alikula lini, akatafuna lini. Akashusha pumzi, akavuta kiti.

"Mama, sukari hii ya dukani si kitu kimoja," alisema. "Ni sukari mbili ndogo zimeshikana. Utumbo haupitishi zilizoshikana, lazima kwanza zikatwe, zitengane, ndipo ziingie kwenye damu. Vipo vitu mwilini vya kukata kile kifungo, vinaitwa vimeng'enya. Wali nao ni hivyo hivyo, ni mnyororo mrefu wa sukari, unakatwakatwa. Sasa hiyo dawa ina umbo la kufanana na sukari. Kimeng'enya kinadhani ni sukari, kinaing'ata, halafu kinashindwa kuikata. Kinabaki kimeing'ang'ania. Ni kama mkasi wa fundi uliobana msumari, kitambaa kipo mezani lakini mkasi una shughuli nyingine."

"Kwa hiyo niliyompa..."

"Ipo. Ipo tumboni, imekaa. Inateremka chini, wadudu wa utumbo mkubwa wanaichachua, ndiyo hiyo gesi. Kwenye damu haikufika, au imefika kidogo sana na kwa kuchelewa. Huku damu haipati, huku vidonge vya kliniki vinazidi kuishusha. Dawa yenyewe si mbaya, wapo tunaowapa, ila tunawaambia: ukishuka, usihangaike na sukari wala soda. Tumia glukosi, ile ya unga ya kwenye pakiti. Hiyo tayari iko mojamoja, haihitaji kukatwa."

Glukosi ya unga. Inauzwa duka la pili kutoka kwetu, watoto wanailamba kwenye viganja. Hajira alitoka kwenda kuinunua bila kuambiwa.

Tarsis akasema kwa sauti ndogo, "Na kama ningemchoma?"

Abdulmajid alimwambia aende akawatafute wote aliowapa, leo leo, na yeye mwenyewe aje apimwe. Tarsis akatoka. Alinipita, na mimi sikumshika, ingawa mkono wangu ulitaka.

Tulihamishiwa hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Kesho yake Marcelino aliamka akiwa anazungumza, kwa Kiswahili, anajua jina lake na anajua duka liko wapi. Nilimshukuru Mungu kwa magoti, pale pale kwenye sakafu ya wodi. Lakini daktari wa pale alinionya kwamba ubongo ulikaa njaa muda mrefu, kuna mambo yatakuwa yamefutika na mengine yatakuwa yamekaa vibaya, tusimlazimishe.

Fortunata, dada yake, alifika kutoka Buguruni na chupa ya uji. Nilimsalimia, akaitikia, akaketi upande wa pili wa kitanda. Marcelino alikuwa ananitazama. Alinitazama sana.

"Hyasinta," akasema. Tangu Severa azaliwe hajawahi kuniita kwa jina. "Nilikuwa nakuomba sukari. Nakuomba, nakuomba. Ulinitazama tu."

"Nilikupa, Baba Severa."

"Hukunipa. Ningejua. Mwili wangu ungejua."

Fortunata aliivuta chupa ya uji karibu na magoti yake.

Nina mashahidi. Nina Hajira, nina Bushiri, nina makuli wote, nina gunia lililopungua. Nilifungua mdomo niwataje mmoja mmoja. Nikashindwa, kwa sababu nilimwona mume wangu jinsi alivyokuwa kule ndani yake, anashuka, anaomba, na hakuna kinachofika. Kwa upande wake hakudanganya hata neno moja. Mwili wake kweli haukupewa. Nililia, na wifi yangu akaniona ninalia, najua aliyatafsiri machozi yale kuwa ni ya mkosaji, maana ndivyo anavyoyasimulia mpaka leo.

Muda si mrefu mikono ya Marcelino ikaanza tena kutetemeka juu ya shuka. Daktari alikuwa ametuonya itatokea. Nilichana pakiti ya glukosi, nikakoroga kwenye maji haraka, nikampelekea kikombe mdomoni.

Akafunga mdomo. Akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza," akasema.

Kwetu Rombo anayekukaribisha mbege huonja yeye kwanza, uone kwamba hakukuwekea sumu. Ni adabu ya kilabuni, ni adabu ya mgeni kwa mgeni. Sijawahi kusikia mume akimwambia mkewe. Wauguzi wawili walikuwa wanapita, Fortunata alikuwa anangoja, na mikono ya Marcelino ilikuwa inazidi kutetemeka. Hapakuwa na nafasi ya kuwa na hasira.

Nikaonja. Nikameza akiniona. Ndipo akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka mwisho, na baada ya muda mfupi tu jasho likamkauka usoni, kutetemeka kukaisha, akalala.